Iulize Seva Hesabu, Usiiulize Asilimia

Kwenye kila seva ya Linux kuna faili ambalo halipo kwenye diski. Linaitwa /proc/stat. Mtu anapolifungua, kerneli ya mfumo endeshi huliandika papo hapo, na mstari wake wa kwanza ni safu ya namba ndefu zisizo na maelezo: muda ambao prosesa imezitumikia programu za watumiaji, muda ambao kerneli yenyewe imefanya kazi, muda wa kukaa bure, muda wa kukaa bure huku diski ikisubiriwa, na nyinginezo. Kizio chake ni sehemu ya mia ya sekunde. Humo hamna asilimia hata moja. Ile "asilimia 75" ambayo msimamizi wa seva huiona kwenye skrini, kerneli haiijui kabisa. Imekokotolewa na programu nyingine, kwa kanuni ambayo aghalabu msimamizi hajawahi kuiuliza.

Jambo hilo linaonekana dogo, lakini ndilo linalotenganisha ufuatiliaji wa seva unaosaidia na ule unaopamba ukuta wa ofisi kwa grafu za rangi.

Tuseme seva ina prosesa yenye kore nne. Katika sekunde 15, kore hizo kwa pamoja zina vipande 6,000 vya muda. Programu ya kukusanya vipimo ikiisoma safu ya muda wa bure mara mbili, sekunde 15 zikiwa zimepita katikati, na kukuta imeongezeka kwa 1,500, basi robo tu ya muda huo imekaa bure na robo tatu imekwenda kwingine. Ni kama mita ya maji. Msomaji hasimami pale mwezi mzima. Hutoa usomaji wa mwezi uliopita kwenye wa leo na kujua zimetumika yuniti ngapi. Mita ikibadilishwa huanza upya, na seva ikizimwa na kuwashwa, kaunta zake nazo hurudi sifuri. Programu nzuri ya ufuatiliaji hulitambua anguko hilo na kuendelea kuhesabu bila kutoa jibu la ajabu.

Anayeiuliza seva "sasa hivi uko asilimia ngapi?" mara moja kwa dakika huona nukta hiyo tu. Kazi iliyoibuka katikati, ikaitesa seva kwa sekunde 40 kisha ikaisha, hataijua. Kaunta haiipotezi: sekunde hizo 40 zimo ndani ya jumla, hata kama haisemi zilianza saa ngapi hasa. Tena hesabu ghafi ikishahifadhiwa, mhandisi anaweza kuikokotoa leo kwa vipindi vya dakika tano na kesho kwa vipindi vya saa nzima. Wastani uliokwisha kupigwa haufumuliki.

Mfano mzuri wa namba iliyopikwa mapema ni ule unaoitwa wastani wa mzigo, zile namba tatu za dakika 1, 5 na 15. Miongozo mingi hufundisha kwamba zikizidi idadi ya kore, prosesa imezidiwa. Kwenye Linux si hivyo. Mwaka 1993 Matthias Urlichs alipeleka marekebisho yaliyoifanya kerneli ihesabu pia michakato iliyokwama ikisubiri diski, pamoja na ile inayosubiri prosesa. Ndiyo maana seva inayotegemea hifadhi ya mtandao inaweza kuonyesha mzigo wa 60 pale hifadhi hiyo inapokatika, ilhali prosesa haina kazi yoyote. Anayenunua kore zaidi kwa sababu ya namba hiyo anatupa fedha.

Dawa ilikuja baada ya robo karne. Kerneli toleo la 4.20, la Desemba 2018, iliingiza kazi ya Johannes Weiner wa Facebook: mafaili matatu chini ya /proc/pressure, moja la prosesa, moja la kumbukumbu, moja la diski. Haya husema kazi zimesimama kwa muda gani kwa sababu ya kukosa rasilimali, na hilo ndilo mteja anayesubiri ukurasa ufunguke hulihisi. Kila faili lina wastani wa sekunde 10, 60 na 300, lakini mwishoni mwa mstari kuna jumla ya mikrosekunde ambayo haijapigwa wastani wowote. Programu ya node_exporter, inayotumika sana kutoa vipimo vya Linux, huuacha ule wastani na kuichukua jumla. Waliofanya uamuzi huo walijua wanachofanya.

Wanaopanga seva pepe kwenye wingu wana safu yao ya kuitazama katika /proc/stat, ile ya muda ulioibwa. Hurekodi muda ambao seva yao ilitaka prosesa, lakini mashine kubwa inayoibeba ikawa inawahudumia wapangaji wengine. Tovuti ikiwa nzito kila jioni na safu hiyo ikawa inapanda kila jioni, kosa halimo kwenye programu ya tovuti, na mteja ana namba mkononi ya kumwonyesha mwenye wingu.

Kumbukumbu nayo imewachanganya wengi. Linux haipendi RAM ikae bure. Sehemu isiyo na kazi huijaza nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni, na huiachia mara programu inapoihitaji. Kwa hiyo seva yenye afya kabisa inaweza kuonyesha kumbukumbu tupu ya megabaiti chache tu, na msimamizi mgeni akaiwasha upya kwa hofu. Kwa miaka mingi watu walijumlisha kumbukumbu tupu na ile ya nakala ili kukisia iliyopo, lakini jumla hiyo nayo ilikosea, kwa kuwa ndani ya nakala hizo huhesabiwa pia kumbukumbu inayotumiwa kwa pamoja na programu kadhaa, ambayo haiwezi kuachiwa hivihivi. Mwaka 2014 toleo la 3.14 liliongeza mstari wa MemAvailable katika /proc/meminfo: makadirio ya kerneli yenyewe kuhusu kiasi kinachoweza kutumika bila kulazimika kuhamishia kurasa za kumbukumbu diskini. Huo ndio mstari wa kufuatilia.

Kwenye diski, asilimia ndiyo inayofanya madhara makubwa zaidi. Kengele ya "diski imefika asilimia 80" imewekwa katika seva nyingi mno. Kwenye diski ya gigabaiti 20, maana yake ni kwamba zimebaki 4. Kwenye diski ya terabaiti 4, zimebaki gigabaiti 800, ambazo huenda zikatosha kwa mwaka mzima, na anayeamshwa saa nane usiku kwa ajili hiyo ataizoea kengele na kuipuuza siku yenye hatari. Kinachotakiwa ni kasi. Nafasi iliyobaki ni gigabaiti 40 na inapungua gigabaiti 3 kila saa: diski itajaa baada ya saa 13 hivi, na hilo ni jambo la kumpigia mtu simu. Mfumo wa Prometheus una kazi iitwayo predict_linear inayofanya hesabu hiyo hasa.

Hata neno "nafasi" lina mitego yake. Mfumo wa mafaili wa ext4, usipobadilishwa, humtengea mtumiaji mkuu asilimia 5 ya diski. Kwenye terabaiti 2 hiyo ni kama gigabaiti 100. Kipimo cha nafasi tupu huihesabu, na kipimo cha nafasi inayopatikana hakiihesabu. Kanzidata inaweza kugoma kuandika huku grafu ya nafasi tupu ikionyesha gigabaiti tele. Isitoshe, kila faili huhitaji ingizo lake kwenye orodha ya mfumo, liitwalo inodi, na katika ext4 idadi ya inodi hupangwa siku diski inapoandaliwa. Seva ya barua pepe yenye mamilioni ya mafaili madogo huweza kumaliza inodi huku nusu ya diski ikiwa tupu, na ujumbe unaotokea ni uleule wa kukosa nafasi. Amri ya df -i ndiyo inayofichua siri hiyo.

Hesabu zikishasomwa, hubaki kuzisafirisha. Itifaki ya SNMP iliyotoka mwaka 1988 ilibeba mzigo huo kwa miongo, na ingali inatumika kwenye vifaa vingi vya mtandao. Kaunta zake za mwanzo zilikuwa za biti 32, yaani zilifika takriban bilioni 4.29 na kurudi sifuri. Kwenye waya wa gigabiti 1 kwa sekunde unaotumika kikamilifu, kaunta ya baiti huzunguka kila baada ya sekunde 34. Aliyeisoma kila dakika tano alikuwa ameikosa mizunguko minane, na grafu yake ilionyesha mtandao mtulivu wakati ule ule watumiaji wanalalamika. Kaunta za biti 64 ndizo zilizoondoa tatizo hilo.

Prometheus ilianza mwaka 2012 katika kampuni ya SoundCloud mjini Berlin. Walioianzisha, Matt Proud na Julius Volz, walikuwa wametoka Google na walikumbuka mfumo wa ndani wa huko ulioitwa Borgmon. Mwaka 2016 Prometheus ikawa mradi wa pili kupokelewa na taasisi ya CNCF, baada ya Kubernetes. Namna inavyofanya kazi ni nyepesi kuelewa. Kila seva huendesha programu ndogo, node_exporter kwa Linux kwenye poti 9100 au windows_exporter kwa Windows kwenye poti 9182. Programu hiyo haihifadhi kitu. Ikiulizwa, huyasoma mafaili ya kerneli na kujibu kwa maandishi ya kawaida, jina la kipimo na namba yake, mstari kwa mstari. Seva kuu ya Prometheus hupita ikivuna majibu hayo, mara nyingi kila sekunde 15.

Kwa kuwa seva kuu ndiyo inayokwenda kuuliza, hujua mara moja nani hajajibu, na humwandikia sifuri kwenye kipimo kiitwacho up. Mfumo ambao seva hutuma taarifa zenyewe hauna hakika hiyo, kwani kimya chaweza kuwa amani au kifo. Lakini pale tawi la mkoani linapounganishwa kwa mtandao unaokatika-katika, ni afadhali kuweka mvunaji hukohuko awe anasukuma vipimo makao makuu mawasiliano yanaporudi. Prometheus imekuwa na hali maalumu ya kazi hiyo tangu mwaka 2021.

Gharama ya kuhifadhi haipaswi kumtisha mtu. Wahandisi wa Facebook walichapisha mwaka 2015 mbinu ya kubana vipimo kutoka baiti 16 hadi wastani wa 1.37 kwa kila kimoja, na Prometheus iliifuata njia hiyo. Seva inayotoa vipimo 1,000 kila sekunde 15 huzalisha namba milioni 5.76 kwa siku, ambazo haziwezi kuzidi megabaiti 12 hata kwa baiti mbili kila moja. Seva 100 kwa siku 15 ni gigabaiti 18. Kinacholipua hifadhi ni lebo, yaani maneno ya ziada yanayobandikwa kwenye jina la kipimo. Mtu akiweka namba ya simu ya mteja kuwa lebo ya kipimo, kila mteja huzaa mfululizo wake, na juu ya hilo siri ya mteja imeanikwa kwenye mfumo usiotengenezwa kutunza siri.

Si kila hatari huonekana kwenye mafaili ya kerneli. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya data za kanzidata kuu, akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Walipokimbilia nakala rudufu, hazikuwepo. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo 9.2 huku kanzidata ikiwa 9.6, hivyo ilikuwa ikishindwa, na barua pepe za kuarifu hitilafu zilikataliwa na seva ya kuzipokea kwa sababu ya kanuni za DMARC za kuthibitisha mtumaji. Kampuni iliokolewa na nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita hivi kabla ya ajali, na data za kanzidata za saa hizo zikapotea. GitLab iliyaeleza yote hayo hadharani, na inastahili shukrani kwa hilo. Grafu za prosesa zisingeionya. Ilihitajika namba moja tu: saa ambayo nakala ya mwisho ilikamilika salama. node_exporter husoma pia mafaili madogo ambayo msimamizi huyaandika mwenyewe, na namba ya aina hiyo huwekwa hapo kwa mstari mmoja wa skripti.

Kuna tahadhari moja ambayo haifai kuahirishwa. node_exporter haiji na nywila. Aliye nje akiifikia poti 9100 husoma toleo la kerneli, orodha ya diski zote na ya kadi za mtandao. Tangu toleo la 1.0 la mwaka 2020 inawezekana kuiwekea usimbaji na nywila, na ukuta wa moto unatakiwa uiruhusu seva kuu peke yake.

Mwenye seva hata moja ya kupanga anaweza kuyafanya haya wiki hii. Kwanza aifunge poti 9100 kwa wote isipokuwa seva kuu, kisha aweke kengele nne: seva isiyojibu kwa dakika tano, diski itakayojaa ndani ya saa 24 kwa kasi ya sasa, shinikizo la kumbukumbu (lile la /proc/pressure) linaloendelea kwa zaidi ya dakika kumi, na nakala rudufu iliyozidi saa 26. Kila kengele aiandikie jina la mtu wa kuipokea, kisha aizime seva moja ya majaribio kwa makusudi, aone kama simu ya mtu huyo italia.