Upepo wa Kusi na Baridi ya Lushoto

Kila kipupwe kinapoingia na skuli zikakaribia kufungwa, wazazi na vijana wa hapa Bububu hunijia na suali moja: tukitaka kwenda bara tukalale kwenye mahema milimani, siku tatu au nne, tujiandae vipi? Mara nyingi hema limeshanunuliwa na gari limeshatafutwa. Mlima wenyewe huwa ni Usambara, upande wa Lushoto. Wamechagua vizuri, lakini maandalizi yao karibu yote huwa ya mtu anayekwenda pwani ya Nungwi.

Hilo halishangazi. Unguja haina mlima. Masingini, kule juu yetu, ni miongoni mwa sehemu za juu kabisa za kisiwa na haifiki mita 200 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Lushoto uko kiasi cha mita 1,400, na msitu wa Magamba juu yake unapita mita 2,000. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua utavaa nini, utapika nini, utaendesha vipi na utalala wapi.

Tuanze na hewa. Upepo wa kusi unaotupuliza hapa Juni hadi Agosti unatoka baharini, na umebeba unyevu. Unapofika Usambara hukuta ukuta wa mlima na kulazimika kupanda. Hewa ikipanda hutanuka, na ikitanuka hupoa. Unyevu wake hugeuka mawingu, ukungu na manyunyu. Ndiyo maana milima ile, iliyomo katika Tao la Mashariki linaloanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, ina misitu mibichi huku nyika ya Mkomazi iliyo nyuma yake ikiwa kavu.

Hesabu ya kukadiria ni nyepesi: kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu. Usiku wa Julai ukiwa na nyuzi 22 Bububu, Lushoto tarajia kama 13, na ukipiga kambi mita 1,800 tarajia kama 10. Mtu aliyezoea kulala na feni atatetemeka.

Tena baridi inayomtesa mlala hemani hutoka chini kuliko juu. Safari yangu ya kwanza na watoto, mmoja wao alifunikwa mablanketi mawili na bado meno yalikuwa yakigongana. Nilipotia mkono chini yake nikakuta turubai la hema tu, na chini ya turubai udongo ulioroa. Ardhi ilikuwa ikimnyonya joto la mwili. Tulimwinua, tukatandika maboksi ya karatasi yaliyokunjuliwa, juu yake mkeka, juu ya mkeka blanketi moja kati ya yale mawili. Haikupita nusu saa akawa amelala. Tangu siku hiyo nawaambia watu: ukiwa na mablanketi mawili, moja lilalie na moja jifunike. Kila mtu awe na sweta, soksi, kofia ya kufunika masikio na nguo kavu ya kulalia isiyovaliwa mchana.

Hapa nina onyo moja ambalo sitaki lipuuzwe. Usiingize jiko la mkaa ndani ya hema ili kuota moto, hata likiwa limebakia makaa mekundu tu. Mkaa hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala haisikii. Watu hulala wasiamke.

Sasa njia. Boti za mwendo kasi kutoka bandari yetu ya Malindi hadi Dar es Salaam huchukua takriban saa mbili. Kwa kikundi, ni rahisi zaidi kukodi Noah au Coaster ya bara pamoja na dereva wake kuliko kuhangaika na taratibu za kuvusha gari la Unguja. Kutoka Dar mnapita Chalinze, kisha Segera, hadi Mombo. Kwenye ramani njia huonekana fupi, lakini imejaa vijiji, na ndani ya makaazi mwendo wa mwisho kisheria ni kilomita 50 kwa saa. Ukishuka botini saa tatu asubuhi, kuifikia Mombo saa kumi au kumi na moja jioni si ajabu. Kwa hiyo usiku wa kwanza lala gesti Lushoto mjini. Kusimamisha hema gizani, kwenye ukungu, mahali usipopajua, ndiko kunakoharibu safari nyingi. Tena mkiangukia Sabasaba au Nane Nane, kateni tiketi za boti mapema.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 tu, lakini ndani yake gari hupanda karibu mita 1,000. Barabara ina lami na kona nyingi, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Kupanda si tatizo kubwa. Hatari iko siku ya kurudi. Kila unapokanyaga breki, mwendo wa gari hugeuka joto. Ukikanyaga mfululizo, breki huungua, mafuta yake yanaweza kuchemka, na pedeli ikawa laini haishiki. Dereva anayeijua milima huteremka na gia namba mbili au tatu, injini ikazuia gari, na breki akazigusa kwa vipindi. Ukisikia harufu ya kuungua, mwambie asimame mahali salama, breki zipoe zenyewe bila kumwagiwa maji. Kabla ya kulipa pesa ya kukodi, muulize dereva ameshapanda Lushoto mara ngapi. Suali hilo halina utovu wa adabu.

Jikoni pia mlima una sheria yake. Huku kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kwenye mita 1,800 huchemka kama kwenye 94. Yanatokota vizuri, ila joto lake ni dogo, na maharage yanaweza kukuweka hadi usiku. Yaroweke tangu jana yake, au chukua adesi zinazowiva upesi. Mtungi mdogo wa gesi nunua huko huko Lushoto, usiupandishe botini. Mboga na matunda usibebe kabisa: soko la Soni, njiani, lina mapea, plamu na karoti zilizotoka shambani. Ukitaka tungule sema nyanya, na mbatata huko ni viazi mviringo.

Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Pita ofisini kwao, lipa kiingilio, uliza wapi panaruhusiwa hema na kama moto unaruhusiwa, na chukua mwongoza njia wa pale pale. Watoto wetu waliozoea kima punju wa Jozani watamwona mbega mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani, na watajifunza kuwa kila msitu una wenyewe. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku bara tangu tarehe 1 Juni 2019, basi pakia vitu kwenye makapu ya ukili. Taka zote rudini nazo mjini.

Ukishakusanya yote haya, bado liko jambo moja la kufanya kabla ya kukata tiketi. Lisimamishe hema lako uani kwako Bububu na mlale humo usiku mmoja, watoto na wote. Mtajua kigingi gani kimepotea, tochi gani haiwaki, zipu gani imekwama, na nani kati yenu hana cha kutandika. Hapa dawa ya yote hayo ni kuingia ndani ya nyumba. Magamba, saa nane za usiku, nyumba hiyo haipo.