Elimu Isiyofungwa kwa Ngazi (2): Muswada wa David Ortiz

Wiki iliyopita tuliishia mwaka 1978, pale watu 19 wenye ulemavu walipozuia mabasi kwa miili yao katika makutano ya barabara za Colfax na Broadway, jijini Denver. Bunge la Jimbo la Colorado liko hapo hapo jirani. Hata hivyo, ilibidi kungoja hadi 2020 ndipo mtu anayetumia kiti cha magurudumu akachaguliwa kuingia humo: David Ortiz, rubani wa zamani wa helikopta za jeshi la Marekani, aliyepooza kuanzia kiunoni baada ya ajali ya helikopta nchini Afghanistan mwaka 2012.

Kati ya miswada yake, HB21-1110 ndio unaozigusa shule moja kwa moja. Gavana Jared Polis aliutia saini Juni 2021. Wapo waliouliza: ya nini sheria nyingine, ilhali Marekani ilikwisha kuwa na ile ya 1973 na ile ya 1990 zinazokataza kuwabagua watu wenye ulemavu? Jibu limo ndani ya kompyuta ya mwanafunzi. Mwalimu hupiga picha ukurasa wa kitabu, akaupandisha kwenye tovuti ya shule. Anayeona husoma. Asiyeona hutegemea programu inayomsomea skrini kwa sauti, na programu hiyo hapo inakuta picha tupu, haina la kusema. Kuna na fomu za kujiandikisha zisizojazika bila kipanya, na video za masomo zisizo na maandishi kwa ajili ya viziwi. Ngazi hizo hazina zege, kwa hiyo mkaguzi wa majengo hazioni.

Sheria ya Ortiz iliziagiza taasisi za umma za jimbo, shule na vyuo vikiwemo, zirekebishe hayo hadi kufikia Julai 1, 2024. Atakayenyimwa huduma anaweza kwenda mahakamani, na mahakama inaweza kuamuru alipwe dola 3,500. Alipwe yeye, si hazina ya serikali. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wa muswada wote: mzazi wa mtoto asiyeona hangoji tena ofisa fulani aamke na huruma.

Tarehe ilipokaribia, halmashauri zikalia kwamba nyaraka ni nyingi na fedha hakuna. Mwaka 2024 Bunge likatoa nafuu hadi Julai 1, 2025, kwa taasisi zinazoonyesha juhudi za kweli na kutangaza maendeleo yao kila robo mwaka. Sioni ubaya wa nafuu yenye masharti kama hayo, ingawa miaka mitatu ya kwanza haikuwa michache.

Hofu ya kweli iko kwingine. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilipobanwa na Wizara ya Sheria ya Marekani kuhusu video zake za masomo zisizo na maandishi kwa ajili ya viziwi, mwaka 2017 kiliamua kuziondoa machoni pa umma zaidi ya video 20,000. Usawa ukapatikana, wote wakakosa! Sheria ya Colorado inaweza kumlazimisha mtu arekebishe anachochapisha. Haiwezi kumlazimisha achapishe.

Wiki ijayo: sheria ya 2022, ambayo Ortiz aliidhamini pamoja na Brianna Titone, inayompa mwenye kiti cha magurudumu cha umeme haki ya kukitengeneza mwenyewe.