Nani Ashikaye Mizani?

Ufikapo mwisho wa mwezi katika mji wa Mwanza, maneno ni yale yale. Mfanyakazi wa Igoma ashukapo garini husema, "Vitu vimepanda." Mama atokaye Soko Kuu na kikapu nusu husema vivyo hivyo. Kisha hufuata neno la pili, lisemwalo kwa sauti ya chini: "Wenye maduka wanatunyonya." Neno la kwanza ni malalamiko, bali la pili ni mashtaka, na mashtaka, ndugu wananchi, yahitaji ushahidi.

Watu wa pwani ya Ziwa wanajua namna ya kuutafuta ushahidi huo, kwani wazee wao waliutafuta. Wakati wa ukoloni mkulima wa pamba wa Usukuma na Ukerewe alikuwa ndiye muuzaji, lakini mizani ilikuwa mkononi mwa mnunuzi. Mkulima alilima, akapalilia, akavuna, akabeba mzigo wake mpaka kituo cha kununulia, na huko akaambiwa uzito ambao hakuwa na njia ya kuuhakikisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima hawakuishia kunung'unika. Waliweka wapimaji wao wenyewe, ili pamba ipimwe na uzito wake ujulikane kabla ya kumfikia mnunuzi. Katika mizani ile vikazaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake. Kabla ya Uhuru karibu pamba yote ya kanda hii ilikuwa inapita mikononi mwa wakulima wenyewe.

Lakini tusikiseme kisa hiki nusu. Mwaka 1966 kamati maalumu iliyoundwa na Rais ilichunguza vyama vya ushirika nchini, na malalamiko iliyoyakuta yalikuwa mengi: hesabu mbovu, watumishi wasio waaminifu, na wanachama wasiojua haki zao. Mizani ilikuwa imekwisha kuhamia kwa wenyewe, ila wenyewe walikuwa wameacha kuitazama. Basi fundisho ni hili: dhuluma haitazami rangi ya mtu wala jina la duka. Hukaa popote ambapo mmoja hupima na mwenzake hatazami.

Kwa hiyo mnunuzi wa leo, kabla hajamwita mtu mnyonyaji, yampasa aulize maswali matatu.

La kwanza: je, bidhaa ipo? Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zililoweka mashamba ya miwa, viwanda vikashindwa kuzalisha kama kawaida, na sukari ikaadimika. Kilo moja ikafika shilingi 4,000 na zaidi mahali pengi, hata Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi Januari 2024. Uhaba ule ulikuwa wa kweli, na mwenye duka hakuileta mvua. Lakini mtu aliyekuwa na magunia ghalani, aliyoyanunua kwa bei ya zamani, akayafungia akingoja watu wahangaike, huyo mvua haikumtia hasara hata senti moja. Aliifanya kuwa mtaji. Huyo ndiye mlanguzi, na asichanganywe na mwenye duka wa mtaani aliyenunua ghali naye akauza ghali.

La pili: imetoka wapi, na kwa gharama gani? Bidhaa nyingi za viwandani hufika Mwanza kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na ziendazo Ukerewe huongezewa nauli ya chombo. Gharama hiyo ni halali. Hata bei za kikomo za mafuta, zitangazwazo na EWURA kila mwezi, hutofautiana mji na mji kwa sababu ya umbali. Ila tumeona mara nyingi kuwa gharama ikipanda, bei hupanda siku ile ile. Gharama ikishuka, bei husinzia. Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, na malori yaliyokuwa yakipanga foleni kungoja kivuko sasa huvuka kwa dakika chache. Mwananchi wa Sengerema ana haki ya kumwuliza mfanyabiashara wake kwa heshima: muda ule tuliouokoa, faida yake imeingia mfuko gani?

La tatu: kipimo ni cha haki? Hapa ndipo wizi hujificha vizuri zaidi, kwani bei hubaki ile ile, kumbe kopo limebonyezwa kitako. Kilo ikipungua gramu 50 tu, nyumba inunuayo kilo 20 kwa mwezi imepoteza kilo nzima, na kwa mwaka kilo 12. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Basi haba na haba pia hukipunguza. Na shambani mambo hugeuka: mkulima hulazimishwa kujaza lumbesa, gunia lililovikwa kilemba, ilhali sheria yakataza mfuko wa mazao kupita kilo 100. Kile kilemba hakilipwi shambani, lakini kikifika mjini huuzwa kilo kwa kilo.

Wako wasemao Serikali ipange bei za vitu vyote, yaishe. Jambo hilo lilikwisha kujaribiwa. Mwaka 1973 iliundwa Tume ya Bei, na bidhaa nyingi mno zikawekewa bei. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili ya ushirika yachukue nafasi yake, na upungufu ukazidi hata amri ikalegezwa. Mwaka 1983 walanguzi walisakwa nchi nzima. Msako ule ulifichua mali iliyofichwa, lakini rafu zilianza kujaa baada ya 1984, waliokuwa na fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza bidhaa. Bei iliyoandikwa karatasini haileti sukari dukani. Lakini pia rafu zilizojaa hazimlindi mnunuzi ikiwa wauzaji wamekaa faraghani na kupatana bei moja, jambo ambalo Sheria ya Ushindani ya 2003 inalikataza.

Basi kazi ni yetu. Mfanyakazi adai risiti. Mama atazame mshale wa mizani kabla mzigo haujawekwa, na aulize kama mizani ile ina stika ya Wakala wa Vipimo. Tawi la Chama na tawi la wafanyakazi yasingoje mkutano wa kulalamika; yachukue bei za maduka ya mtaa wao, yazilinganishe wiki kwa wiki, na penye shaka yapeleke habari kwa Wakala wa Vipimo au Tume ya Ushindani yakiwa na tarehe na uzito, si uvumi.

Wazee wa Ukerewe hawakuwa na simu wala magazeti mengi. Walikuwa na mizani yao tu, na mtu wao wa kuitazama.