Moyo Kushindwa au Moyo Kuelemewa? Istilahi za Maradhi ya Moyo Yaliyokithiri na Tiba Yake Jijini Kampala

Katika utabibu, kushindwa kwa moyo ni hali ambamo moyo hausukumi damu ya kutosha kwa mahitaji ya mwili, au huweza kuisukuma kwa gharama ya kuongezeka kwa shinikizo ndani ya vyumba vyake. Damu hurundikana, maji hujaa mapafuni na miguuni, na mgonjwa hukosa pumzi akilala chali. Moyo wenyewe, hata hivyo, unaendelea kupiga, na mgonjwa anaweza kuishi miaka kadhaa akitumia dawa ipasavyo. Makala hii inadai kwamba istilahi iliyozoeleka ya Kiswahili inaificha sehemu hiyo ya pili ya maana.

Tatizo linaanzia kwenye kitenzi. *Shindwa* ni kauli ya kutendwa ya *shinda*. Ni neno la uwanja wa mapambano, na pambano lenye mshindwa limekwisha. Mama mzee akiambiwa, “Mama, moyo wako umeshindwa,” kiambishi *-me-* kinakamilisha hukumu: tendo limetimia na matokeo yake yamebaki. Aidha, moyo katika Kiswahili ni makao ya ujasiri. Mtu hufa moyo, huvunjika moyo, hupewa moyo. Kwa hiyo kauli ya daktari inaweza kusikika kama taarifa ya kifo kilicho mlangoni au kama lawama ya kukata tamaa. Haishangazi pia kwamba istilahi hii huchanganywa na mshtuko wa moyo, ambao husababishwa na kuziba kwa mshipa unaolisha msuli wa moyo, na kusimama kwa moyo, ambako mapigo hukatika kabisa. Hali hizi tatu hazina tiba moja.

Kampala ni mahali panapofaa kulijadili suala hili. Mwaka 1948, mtaalamu wa patholojia J. N. P. Davies alieleza kutoka huko ugonjwa ambao baadaye ulijulikana duniani kama endomayokadia faibrosisi: utando mgumu hujengeka ndani ya vyumba vya moyo na kuvizuia kujaa damu. Taasisi ya Moyo ya Uganda ilianzishwa Mulago mwaka 1988. Ugonjwa huo unatoa funzo la kiistilahi. Wapo wanaoweza kupendekeza *udhaifu wa moyo* badala ya *kushindwa*. Lakini katika ugonjwa uliobainishwa Kampala, kasoro kuu haiko katika nguvu ya kusukuma bali katika nafasi ya kupokea. Udhaifu, basi, unaeleza sehemu tu ya wagonjwa.

Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012 na kuhusisha wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika, Uganda ikiwamo, ulionyesha kwamba wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52 na kwamba chanzo kikuu kilikuwa shinikizo la juu la damu, katika takriban asilimia 45. Waliofariki ndani ya siku 180 walikadiriwa kuwa asilimia 17.8. Kiwango hicho ni cha kutisha kwa watu wa umri wa kulea na kufanya kazi. Hata hivyo, zaidi ya wanne kati ya kila watano walikuwa hai baada ya miezi sita, na neno *umeshindwa* halina nafasi kwao. Tiba yao hutegemea utii wa kila siku: kupunguza chumvi, kujipima uzito ili kugundua maji mapema, na kuendelea na dawa hata uvimbe ukiisha. Anayeamini kwamba pambano limekwisha hana sababu ya kununua dawa za mwezi ujao.

Ugumu huzidi maradhi yanapokithiri. *Hatua ya juu* huweza kudhaniwa kuwa maendeleo mema. *Hatua ya mwisho* hutangaza msiba kabla ya wakati. Katika nchi tajiri, mgonjwa wa kiwango hicho huweza kuwekewa pampu au kupandikizwa moyo mwingine. Uganda ilipata sheria ya uchangiaji na upandikizaji wa viungo mwaka 2023, lakini sheria peke yake haizai huduma. Kilicho karibu zaidi ni tiba shufaa, na hapa Uganda ina jambo la kujivunia: Hospice Africa Uganda ilianza mwaka 1993, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuandika mofini ya kunywa. *Shufaa* ni uombezi, si uponyaji; neno limechaguliwa kwa busara, ingawa huhitaji kuelezwa kwa asiyelizoea.

Pendekezo la makala hii ni *moyo kuelemewa*. Mwenye kuelemewa bado amebeba, na anaweza kupunguziwa mzigo, jambo ambalo dawa za kuondoa maji na za kushusha shinikizo hulifanya hasa. Kuna kikwazo kimoja: Kiganda kina *okulemererwa*, kitenzi kinachokaribiana nacho kwa umbo lakini chenye maana ya kushindwa. Msikilizaji wa Kampala anaweza kurudishwa palepale. Kwa kuwa Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni, istilahi hii inapaswa kujaribiwa kwanza kwa wagonjwa wenyewe, Waganda pamoja na wakimbizi wa Kongo wanaozungumza Kiswahili jijini humo, kabla ya kuingizwa katika kamusi yoyote.