Watu wa Jina la Du Bois

Wasikilizaji wetu, je, wenye jina moja huwa damu moja? Tutazame jina la Kifaransa, Du Bois, maana yake "wa mwituni". Zamani aliyekaa kando ya mwitu aliitwa hivyo na jirani zake, na miitu Ufaransa ilikuwa mingi; basi koo zisizojuana zililipata jina hilo.

Eugène Dubois, tabibu Mholanzi, alikwenda kuchimba kisiwani Java, na mwaka 1891 akapata fuvu la kiumbe wa kale, jamaa ya binadamu.

Lakini W. E. B. Du Bois, aliyezaliwa Marekani mwaka 1868, alikuwa mtu mweusi. Jina hili alilitoa wapi? Baba wa babu yake alikuwa Mzungu wa asili ya Kifaransa, mwenye shamba na watumwa visiwani Bahamas, aliyezaa na mwanamke mtumwa. Alipokufa, jamaa zake Wazungu waliwanyima watoto wale urithi. Jina tu lilibaki kwao. Kitukuu wake akawa mwaka 1895 mtu mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha Harvard. Wafaransa husema "Dubwa". Yeye alitaka aitwe "Duboisi". Alifariki Accra mwaka 1963, naye ni raia wa Ghana.