Kamera mpya: mambo ya kufanya kabla ya foto ya kwanza

Kikundi kikipata kamera mpya, msikimbilie kupiga foto.

Kwanza, batri. Ichajini mpaka taa ya chaja ibadilike au izimike. Kama ni kwenye jenereta, chomekeni chaja wakati mashini imekwisha kutulia, na mwichomoe kabla haijazimwa. Batri ya litiamu haihitaji kuisha kabisa ndipo ichajiwe. Nyingi za namna hiyo zina kobalti, madini yanayochimbwa Kolwezi kwetu Kongo.

Pili, tieni kadi ya kumbukumbu kamera ikiwa imezimwa.

Tatu, andikeni siku, mwezi na mwaka wa kweli. Msiruke hapo! Mwaka 2024 jamaa nyingi zilikimbia Kanyabayonga. Katika kukimbia, watoto wanapotezana na wazazi. Foto yenye tarehe inawasaidia wanaotafuta: mtoto wa miaka 3 hafanani tena na yule wa miezi 6.

Basi foto za kwanza ziwe za watoto wetu, uso wote uonekane. Chapisheni moja moja, kila mama aiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa, mahali pa kushika haraka.