Kompyuta ya Kwanza ya Gemu: Weka Pesa, Usiweke Vipuri

Wengi hununua kompyuta yao ya kwanza ya gemu kidogo kidogo. Mwezi huu prosesa, mwezi ujao RAM, baada ya miezi mitatu kadi ya grafiki. Vipuri vinakaa kabatini vikingoja wenzao. Mpango huu unaonekana wa busara, kwa sababu mshahara haukubali kila kitu kwa mpigo. Shida ni kwamba vipuri vingi huwezi kuvijaribu kimoja kimoja. Siku utakayowasha mashine mara ya kwanza, muda wa kurudisha kitu dukani utakuwa umepita, na waranti ya ulichonunua mwanzo itakuwa imeisha nusu kikiwa bado kwenye boksi.

Ushauri wetu ni huu: weka pesa, usiweke vipuri. Fungua akiba kwenye simu, iwekee lengo, kisha ununue vyote ndani ya wiki moja. Tuseme lengo lako ni shilingi 60,000. Ukiweka 1,500 kila wiki, utafika baada ya wiki 40. Katika muda huo wote una uhuru wa kubadilisha mawazo bei ikibadilika. Aliye na prosesa kabatini ameshafungwa na aina ya bodi inayoikubali.

Anza na gemu, si duka

Andika gemu tatu unazotaka kucheza. Valorant na Counter-Strike 2 ni gemu tofauti kabisa na Cyberpunk 2077 kwa uzito. Kwenye duka la Steam, kurasa za gemu nyingi huonyesha kompyuta inayotosha na ile inayopendekezwa. Fuata ile inayopendekezwa.

Kisha fikiria skrini. Monita ya 60Hz huonyesha picha 60 kwa sekunde. Kompyuta ikitengeneza 120, nusu ya kazi hiyo huioni, na umeilipia. Kama nyumbani kuna TV yenye HDMI, itumie kwanza na monita isubiri.

Njia tatu, kulingana na mfuko

*Ya kwanza: mashine ya ofisi ya ex-UK.* Ukipita Luthuli Avenue au Moi Avenue jijini Nairobi utaziona, Dell OptiPlex na HP EliteDesk. Tafuta yenye Intel Core i5 ya kizazi cha 8 au zaidi, kwa sababu Windows 11 haikubali rasmi za nyuma ya hapo, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha Oktoba 2025. Baadaye unaweza kuongeza kadi ndogo. Hapa kuwa makini: nafasi ya kadi kwenye bodi hutoa wati 75 tu, na pawa saplai za mashine hizi mara nyingi hazina waya wa ziada. Baadhi ya kadi za GTX 1650 zinatosheka na umeme huo, nyingine zina tundu la kuchomeka waya. Pima pia urefu na kimo, maana kesi nyembamba hazipokei kadi kubwa.

*Ya pili: prosesa yenye grafiki yake.* Ryzen 5 5600G inaendesha gemu nyepesi bila kadi yoyote. Siku mfuko ukinenepa, unaongeza kadi na mashine inaendelea. Ukichukua njia hii, nunua RAM vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16. Grafiki za aina hii hutumia RAM ya kompyuta, na vipande viwili huziongezea kasi unayoiona kwa macho.

*Ya tatu: kadi kamili tangu mwanzo.* Hapa acha kadi ichukue sehemu kubwa ya bajeti, kwa sababu ndiyo inayochora picha. Prosesa ya bei kali na kadi dhaifu ni pesa iliyokaa mahali pasipofaa.

Vinakubaliana?

Kabla ya kulipa, hakikisha mambo manne:

- Prosesa na bodi mama ni za familia moja. Ryzen 5 5600G hukaa kwenye bodi ya AM4, haiingii AM5.
- RAM ya DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5, hata ukiisukuma.
- Prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni, kama Core i5-12400F, haina grafiki. Ukiiwasha bila kadi, skrini haitaonyesha kitu.
- Pawa saplai inatosha. Kwa kadi kama RX 6600, AMD inapendekeza isiwe chini ya wati 450.

Hiyo pawa saplai usiifanyie ubahili. Kipuri cha bei rahisi kikiungua peke yake, umepoteza kimoja. Pawa saplai mbovu ikiungua inaweza kwenda na bodi pamoja na kadi. Na kwa vile stima huku kwetu hupotea na kurudi kwa kishindo, tenga kiasi kwa kifaa cha kuzuia umeme wa ghafla.

Kadi iliyotumika

Bei zake ni poa, lakini jaribu kabla ya kulipa. Kadi nyingi za RX 580 zilifanya kazi usiku na mchana kuchimba sarafu za kidijitali. Kuna pia kadi za zamani zilizobadilishwa programu ili zijitangaze kama GTX 1050 Ti. Mwombe muuzaji afungue programu ya bure ya GPU-Z. Inatambua kadi nyingi bandia za NVIDIA na kuziandika FAKE. Kisha cheza gemu nzito kwa dakika 20 ukiangalia joto. Muuzaji akikataa jaribio, umeshapata jibu lako.

Siku ya kulipa

Lipa kwa nambari ya till ya duka badala ya namba ya simu ya mhudumu. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Kama si la duka, simama na uulize. Usitume pesa ya "kukuwekea" kadi ambayo hujaiona. Pesa uliyotuma mwenyewe kwa hiari ni vigumu kuirudisha, hata ukitupigia simu dakika hiyohiyo. Dai risiti yenye namba ya kipuri na muda wa waranti, na uhifadhi ujumbe wa malipo. Ukirudi na kadi iliyokufa, hivyo viwili ndivyo vitakavyokutetea.

Na ikiwa akiba imepungukiwa na elfu kumi, usikimbilie mkopo wa simu. Mkopo wa siku 30 unadai haraka, na gemu hailipi deni. Chukua njia ya pili, anza bila kadi, na uendelee kuweka zile 1,500. Wiki saba hazijaisha, utakuwa na hiyo elfu kumi ya kuanzia hesabu ya kadi.